Kifaranga wa Bata na Amana Isiyoombwa

Miongoni mwa maswali ambayo wanafalsafa wa maadili na wanazuoni wa dini wameyajadili kwa karne nyingi, limo lile linalouliza iwapo binadamu anaweza kuwa na wajibu wa kweli kwa kiumbe asiyeweza kuomba, kuahidi wala kudai, na kama anaweza, wajibu huo unatoka wapi. Swali hili huzungumzwa mara nyingi kwa mifano ya wanyama wakubwa, kama vile tembo wa mbugani au ng'ombe wa machinjioni, lakini hudhihirika vizuri zaidi katika jambo dogo linalotokea kila mara katika nyumba za Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na miji mingine ya Afrika Mashariki, nalo ni kuwasili kwa vifaranga wa bata wa siku moja au mbili, ndani ya boksi lililotobolewa matundu, bila mama yao. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mtu anayewapokea vifaranga hao huingia katika amana, yaani dhamana ya kukitunza kitu ambacho mtunzaji hana ruhusa ya kukifanyia kila apendalo. Kwamba amana hiyo haitokani na mapenzi yake wala na mapatano yoyote, bali na nafasi anayoishika mara tu boksi linapofunguliwa. Na kwamba hutimizwa kwa maarifa kabla ya kutimizwa kwa huruma.

Kwanza yafaa ieleweke ni kwa nini kifaranga anaweza kufika nyumbani bila mama. Yai la bata wa kawaida huatamiwa kwa siku 28 hivi, na la yule bata mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, kwa siku 35 hivi. Muda mfupi kabla ya kuanguliwa, kifaranga huvuta ndani ya tumbo lake sehemu ya kiini cha yai iliyobaki, na akiba hiyo humwezesha kuishi siku moja au mbili bila kula, ili aliyetangulia kutoka aweze kuwasubiri ndugu zake kabla mama hajaondoka nao kiotani. Biashara ya vifaranga wa mashine ya kutotolesha imeugeuza muda huo wa kusubiri kuwa muda wa safari. Mpokeaji basi humpata kiumbe aliyekamilika viungo, anayeona na kutembea, lakini ambaye huenda bado hajapata jambo moja ambalo kwa maumbile yake angelipata katika saa zile zile za mwanzo, yaani kiumbe wa kumfuata.

Jambo hilo limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1873 Mwingereza Douglas Spalding alichapisha maelezo ya vifaranga wa kuku waliofuata kitu chochote kilichotembea mbele yao katika siku za kwanza, na mwaka 1911 Oskar Heinroth wa Ujerumani akaeleza jinsi vifaranga wa bata bukini walioanguliwa kwenye mashine walivyomfuata binadamu na kukataa kujiunga na wakubwa wa jamii yao. Aliyelipa jambo hilo umaarufu ni Konrad Lorenz wa Austria, ambaye maandishi yake ya mwaka 1935 yaliliweka katika msingi wa elimu ya tabia za wanyama, na ambaye mwaka 1973 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Niko Tinbergen na Karl von Frisch. Hali hiyo, ambayo hapa itaitwa chapa ya awali, ni kule kujifunza kwa ghafla ambako ndege mchanga, katika muda maalumu baada ya kuanguliwa, huipokea sura au sauti ya kitu kilicho karibu naye na kukifuata tangu hapo kama mzazi. Katika miaka ya 1950 Eckhard Hess, aliyefanya majaribio na vifaranga wa bata nchini Marekani, aliona kwamba chapa hiyo hushika kwa nguvu zaidi kati ya saa ya 13 na ya 16 baada ya kuanguliwa, ingawa watafiti waliomfuata waliona kwamba mipaka hiyo si migumu kama ilivyodhaniwa. Naye Gilbert Gottlieb alionyesha kwamba kujifunza huanza hata kabla ya ganda kupasuka, kwa kuwa kifaranga aliyemo ndani ya yai husikia sauti yake mwenyewe na za ndugu zake, na kusikia huko humwandaa kuutambua mwito wa mama wa jamii yake.

Msomaji anaweza kudhani kwamba kiumbe anayetekwa namna hiyo ni mtambo tu unaowashwa na kitu cha kwanza kipitacho mbele yake. Dhana hiyo haitoshi. Mwaka 2016 Antone Martinho na Alex Kacelnik wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya majaribio ambamo vifaranga wa bata walionyeshwa jozi ya vitu vinavyofanana, au jozi ya vitu visivyofanana, na baadaye, walipowekewa jozi mpya ambazo hawakuwahi kuziona, wengi wao waliifuata ile iliyokuwa na uhusiano ule ule wa kufanana au kutofanana. Kifaranga, kwa mujibu wa majaribio hayo, hupokea zaidi ya umbo la kitu. Hupokea pia uhusiano baina ya vitu, uwezo ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa akili za juu peke yake. Hawezi kuitwa mtambo, wala hawezi kusemwa kwamba amemchagua mlezi wake kwa hiari kama mtu mzima anavyomchagua rafiki. Yuko mahali pa katikati, akiwa na imani aliyonayo kikweli lakini ambayo hakuamua kuwa nayo, na ni mahali hapo panapolifanya swali la wajibu kuwa gumu.

Pingamizi zito ni hili, kwamba imani isiyo na hiari haimfungi yeyote, kwa sababu wajibu huzaliwa baina ya wenye akili wanaoweza kudaiana. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797, alishikilia kwamba wajibu wa binadamu kuhusu wanyama si wa moja kwa moja, maana yake ni kwamba mtu hapaswi kumtesa mnyama kwa kuwa ukatili huo huudhoofisha moyo wake na kumwelekeza kuwatendea vibaya wanadamu wenzake, si kwa kuwa mnyama mwenyewe anamdai chochote. Fikra hiyo ina heshima yake, na imewazuia wengi wasifanye ukatili. Hata hivyo inashindwa kuueleza usiku mmoja wa kawaida: nyumba iliyopokea vifaranga kumi, ikawasahau sebuleni bila joto kwa sababu ya wageni na shughuli, na asubuhi ikawakuta wamekufa, haikutenda ukatili wowote, wala mioyo ya wakazi wake haikuwa migumu zaidi ya jana. Kama kosa lote limo katika moyo wa mtenda, basi hapo hapakuwa na kosa. Lakini kila aliyemo ndani ya nyumba hiyo anajua kwamba kosa lilikuwapo.

Hans Jonas, mwanafalsafa Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, alitoa njia nyingine katika kitabu chake juu ya kanuni ya uwajibikaji kilichotoka mwaka 1979. Kwake yeye mfano wa asili wa wajibu wote si mkataba kati ya watu wawili wenye akili bali ni mtoto mchanga, ambaye kupumua kwake tu kunawaelekea walio karibu naye kama amri, kwa sababu uhai wake umo mikononi mwao na hauwezi kuwangoja wamalize kujadiliana. Jonas alimzungumzia mtoto wa binadamu, na tofauti kati ya mtoto na kifaranga haipasi kufutwa. Lakini hoja yake haikuegemea akili ya mtoto, kwani mchanga wa siku moja hana akili ya kudai, bali iliegemea mambo mawili, kwamba upo uhai unaoweza kupotea, na kwamba yupo mtu anayeweza kuuokoa au kuuacha upotee. Mambo hayo yote mawili yamo katika boksi la vifaranga. Waswahili husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na methali hiyo inauweka uzito mahali panapostahili, yaani katika siku nyingi za kulea zinazofuata tukio moja la kupata.

Inafaa kutaja hapa jambo la kuhuzunisha katika historia ya elimu hii. Lorenz na Jonas walizaliwa mwaka mmoja, 1903. Lorenz, aliyeeleza kuliko mtu yeyote jinsi imani ya ndege mchanga inavyoundwa, alijiunga na chama cha Wanazi mwaka 1938 na akaandika makala zilizoiweka elimu yake katika utumishi wa siasa za ubaguzi wa utawala huo, jambo ambalo baadaye alilijutia. Jonas alilazimika kuikimbia Ujerumani mwaka 1933, na mama yake akauawa Auschwitz. Kujua namna imani inavyoumbwa, basi, hakumfundishi mtu kuiheshimu, na ndiyo maana maarifa, ambayo insha hii inayatetea kwa nguvu, yanahitaji kusimama juu ya msingi mwingine. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki msingi huo ni dini.

Katika Uislamu suala la kifaranga aliyetengwa na mama limetajwa waziwazi. Sunan Abu Dawud, mojawapo ya mikusanyo sita mashuhuri ya hadithi, ina habari ya masahaba waliochukua makinda wawili wa ndege mdogo wakiwa safarini, na mama yao akaja akitandaza mbawa kwa dhiki. Mtume Muhammad alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Kinachovuta fikra hapa ni kwamba huzuni ya ndege ilihesabiwa kuwa sababu inayotosha yenyewe, bila kuongezewa hoja ya faida kwa binadamu. Wanasheria walilijengea jambo hilo muundo. Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj al-Talibin kimesomwa sana na Mashafii, ambao ndio Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliwaweka wanyama katika mlango wa masurufu, yaani matumizi ya lazima ambayo mtu huwajibika kuwapa walio chini yake, pamoja na mke, watoto na wazazi. Mwenye mnyama hulazimika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama ni wa kuliwa, hulazimishwa auze, alishe au achinje. Kisha Nawawi anaongeza kanuni fupi yenye maana kubwa, kwamba kisicho na roho, kama vile mfereji au nyumba, mwenyewe halazimiki kukikarabati. Mali zote mbili ni zake, lakini mtu anaweza kuiacha nyumba yake ibomoke, asiweze kumwacha bata wake afe njaa. Mwanazuoni mwingine wa madhehebu hayo, Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliziita dhima hizo haki za mnyama juu ya binadamu, akasema kwamba zinabaki hata mnyama akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena.

Taurati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamkataza anayekuta kiota njiani kumchukua mama pamoja na makinda, na maana ya katazo hilo iliwagawa wafasiri wakubwa wa Kiyahudi. Musa bin Maimun, tabibu na mwanafalsafa aliyeandika Misri katika karne ya 12, alieleza kwamba mapenzi ya mama kwa watoto hayategemei akili, na kwa hiyo maumivu ya mama wa ndege hayapungukii yale ya mama wa binadamu. Nahmanides, wa karne iliyofuata, akasema kwamba amri hiyo imewekwa ili kuusafisha moyo wa mwanadamu. Mzozo huo ulitangulia ule wa Kant kwa zaidi ya miaka 500, na inaonekana kwamba Musa bin Maimun alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa moyo hausafiki kwa kumtendea mema kiumbe ambaye mtendaji anaamini kwamba hamdai kitu. Unabaki ukijitazama wenyewe. Katika Injili, Yesu aliulilia mji wa Yerusalemu kwa mfano wa kuku anayewakusanya vifaranga chini ya mbawa zake, na msomaji wa kijijini anaufahamu mfano huo kwa namna ya pekee, kwa kuwa huko kuku huatamishwa mayai ya bata, akawafunika na kuwatetea watoto wasio wa jamii yake.

Mlezi wa binadamu hana mbawa, na hapa ndipo maarifa yanapokuwa sehemu ya amana. Katika wiki ya kwanza kifaranga wa bata huhitaji joto la nyuzi 32 za Selsiasi hivi, ambalo hupunguzwa kwa nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka lilingane na hali ya hewa ya nje. Vifaranga wenyewe ndio kipimo bora, kwani wakirundikana chini ya balbu wanasikia baridi, na wakijitenga pembeni huku wakihema midomo wazi wamezidiwa. Pale ambapo umeme si wa uhakika, wengi hutumia jiko la mkaa ndani ya bruda, yaani chumba au uzio wa kuwatunzia vifaranga, na wasipoacha upenyo wa hewa huwaua kwa gesi isiyonusika, ambayo huwaua watu pia. Maranda yakilowa yabadilishwe, kwa kuwa bata humwaga maji kuliko kuku, na ukungu unaoota katika matandiko mabichi huingia mapafuni mwao.

Maji ndiyo mtihani ambao huruma hushindwa mara nyingi. Mtu mwema, akijua kwamba bata hupenda maji, huwaweka vifaranga ndani ya beseni siku ile ile waliyofika, akafurahi kuwaona wakiogelea, na baada ya muda mfupi huwakuta wamelowa, wanatetemeka na kufa. Kifaranga anayelelewa na mama hupata mafuta ya kuzuia maji kutoka katika manyoya ya mama anapojibana chini yake, ilhali tezi yake mwenyewe ya mafuta, iliyo juu ya mkia, huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi vizuri. Aliyetoka kwenye mashine hana kinga hiyo. Anachohitaji ni chombo cha kunywea chenye kina cha kutosha kuzamisha mdomo na kusafisha tundu za pua, lakini kisichomruhusu kuingia mwili mzima. Chakula nacho kina siri yake. Bata huhitaji niasini, yaani vitamini B3, kwa kiasi kikubwa kuliko kuku, na kifaranga anayekuzwa kwa pumba na mahindi matupu huvimba vifundo na kupinda miguu, kwa sababu niasini iliyomo katika mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati kwa urahisi, sababu ile ile iliyowaletea ugonjwa wa pelagra wanadamu walioishi kwa mahindi peke yake. Hamira kidogo au unga wa samaki katika chakula huondoa upungufu huo.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu katika mahindi, karanga na mashudu yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa mashudu ya karanga, na vifaranga wa bata wakaonekana kuwa wepesi kudhurika kiasi kwamba wanasayansi waliwatumia kuipima sumu hiyo katika vyakula. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo, ndani ya mahindi, iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya. Desturi ya kuwapa ndege mahindi yaliyoota ukungu, kwa hoja kwamba hayafai tena kwa ugali, humpa kiumbe dhaifu kuliko wote nyumbani kile ambacho kila mwingine amekikataa.

Je, asiyejua haya ana kosa? Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kutojua jambo ambalo mtu anaweza na anapaswa kulijua ni kosa lenyewe. Nao wanasheria wa Kiislamu wana hadithi inayomfanya anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba awe mdhamini wa madhara anayosababisha, na kanuni hiyo ikipanuliwa kidogo inamfikia anayejitwika ulezi. Hakuna aliyelazimishwa kununua vifaranga. Aliyewanunua bila kuuliza amechagua kutojua, na nia yake njema haimpunguzii dhamana, ingawa inampa sababu ya kusamehewa na kufundishwa.

Limebaki suala la kuchinja, ambalo waandishi wengi hulikwepa. Je, aliyekuwa mama kwa bata anaweza kumla? Sheria ya Kiislamu inaruhusu, na Ukristo haukatazi, na kwa familia nyingi nyama na mayai ndiyo sababu ya ufugaji. Kuchinja kwenyewe hakuvunji amana ikiwa mlezi aliukubali mwisho huo tangu mwanzo na akaitimiza kila siku iliyotangulia. Lakini kumwita bata kwa sauti ile aliyoizoea tangu utotoni ili akamatwe mbele ya wenzake ni kuitumia imani yake dhidi yake, na Izz al-Din alikuwa na haki alipoingiza miongoni mwa haki za wanyama kwamba wasichinjiwe watoto wao mbele ya macho yao. Mzazi anayempa mtoto wake vifaranga awalee kama vipenzi vyake, kisha akawachinja bila kumwambia, huvunja amana mbili kwa mara moja, na ile ya mtoto ndiyo iliyo ngumu zaidi kuirekebisha.

Chapa ya awali ina tokeo moja la mwisho ambalo wauzaji hawalisemi. Bata aliyekua peke yake mikononi mwa binadamu anaweza kushindwa kuishi na bata wenzake, na akikomaa huelekeza kwa watu tabia za kutafuta mwenzi, akabaki mgeni kila upande. Walio na ndugu zao tangu siku ya kwanza huepuka hali hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa hujifunza kwa wenzao kuwa bata. Kwa hiyo wauzaji wa vifaranga wanaombwa wasimuuzie mtu kifaranga mmoja, hasa kwa ajili ya mtoto, na mnunuzi asiye na nafasi, joto na chakula cha kutosha kwa vifaranga wawili anaombwa asimchukue hata huyo mmoja.